Jina ni Moja, Hoteli ni Nyingi: Ipi Kati ya Hizo?

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja. Msafiri amekwisha kulipenda jina la hoteli na hataki kulihama. Anachotaka kujua ni kwamba, ndani ya jina hilo, alale wapi. Nimezichukua nane.

Mimi ni mtu wa Hyatt. Kila ninayemuuliza ananitajia Park Hyatt Tokyo kuwa ndiyo bora kuliko zote. Ni kweli, au ni sifa za filamu tu?

Filamu imechangia. *Lost in Translation* ya mwaka 2003 ilipigwa humo, na watu wengi waliijua hoteli kabla ya kujua Hyatt ni nini. Lakini wageni wanaorudi kila mwaka ukiwasikiliza, filamu hawaizungumzii. Wanakusimulia jinsi ya kuingia. Hoteli ilifunguliwa 1994 kwenye ghorofa za juu za jengo la Shinjuku Park Tower, lililosanifiwa na Kenzo Tange. Lifti inakupandisha hadi ghorofa ya 41, mlango unafunguka, na mbele yako kuna mianzi chini ya paa la kioo. Mji wote umebaki chini. Kisha unapita katikati ya rafu za vitabu ndipo uyafikie mapokezi. Ukifika pale kaunta, kelele za barabarani umekwisha kuzisahau. Aliyepanga njia ile alijua mgeni anafika amechoka.

Tahadhari moja. Hoteli ilifungwa Mei 2024 kwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo sifa na lawama zote za kabla ya hapo zinahusu vyumba vya zamani. Zisome kama historia.

Ukiniuliza mimi, ninaiweka Park Hyatt Sydney sambamba nayo. Ni jengo fupi lililojipinda kufuata ukingo wa maji, karibu na daraja la Harbour Bridge, na ng'ambo ya maji ipo Opera House. Tokyo unalala juu ya mji, Sydney unalala ndani yake. Na kama wewe ni mpenzi wa majengo, usidharau Hyatt Regency Atlanta, ingawa wengi wanaiona hoteli ya mikutano tu. Ilipofunguliwa mwaka 1967, msanifu John Portman alikuwa ameacha katikati ya jengo uwazi wa ghorofa 22 na lifti za kioo zinazopanda mbele ya macho ya kila mtu. Hoteli nyingi duniani ziliiga baada ya hapo.

Nimelala hoteli mbili za jina lilelile mwezi mmoja. Moja ilikuwa safi hadi kwenye pembe, nyingine ilinuka unyevu. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu jina lililo juu ya mlango mara nyingi si la mwenye jengo. Conrad Hilton, mwanzilishi wa Hilton, alipoinunua hoteli ya Mobley kule Cisco, Texas, mwaka 1919, jengo lilikuwa lake, wafanyakazi wake, na hasara yake. Leo kampuni kubwa kama Hilton, Marriott na IHG zinamiliki majengo machache mno kati ya hayo yanayobeba majina yao. Mahali pengine kampuni inaiendesha hoteli kwa niaba ya mwenye mali na inaweka meneja wake. Mahali pengine, na hapa ndipo penye idadi kubwa, mwenye mali anakodi jina tu, anajiunga na mfumo wa kuweka nafasi, kisha anaendesha mwenyewe au anampa mtu mwingine aendeshe.

Kampuni inatoa masharti: godoro la aina hii, taulo za aina ile, kibao cha rangi fulani. Inatuma wakaguzi. Lakini zulia likichakaa au kiyoyozi kikianza kuvuja, pesa inatoka mfukoni mwa mwenye jengo, na yupo anayeahirisha mwaka hadi mwaka. Unyevu ulioukuta ni uamuzi ambao mtu aliuahirisha.

Kemmons Wilson alipofungua Holiday Inn ya kwanza Memphis mwaka 1952, alichokiuza hasa ni kufanana. Alitoka safarini na familia yake akiwa ameudhika, maana kule walikolala walitozwa nyongeza kwa kila mtoto. Akataka msafiri ajue kabla ya kufika atakuta nini. Ahadi hiyo ni nzuri na bado ninaipenda, lakini sasa chini ya jina moja utakuta jengo lililojengwa kwa ajili ya jina hilo, na jirani yake utakuta hoteli kuukuu iliyobadilisha kibao. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: jengo hili lilianza na jina hili, au lilihamia? Na vyumba vilikarabatiwa mara ya mwisho mwaka gani? Mapokezi wanajua. Akianza kuzungukazunguka, tafuta nyingine.

Sheraton za Marekani zimenichosha. Rafiki yangu anasisitiza kuwa za Asia ni kitu kingine kabisa. Nimwamini?

Mwamini. Wasafiri wengi wa muda mrefu wanasema hivyo, na si kuhusu Sheraton peke yake. Jina lilianza Marekani mwaka 1937, kwa hiyo huko ndiko lilikozeekea, kwenye majengo ya miongo iliyopita yenye vyumba vilivyopangwa kwa mahitaji ya enzi zile. Asia lilifika baadaye, na hoteli nyingi zikajengwa upya kutoka kwenye msingi. Isitoshe, katika miji mingi ya Asia hoteli kubwa ndiko watu wa mji wenyewe wanakofanyia harusi na karamu, kwa hiyo mwenye mali anaitunza kama uso wake. Marekani hoteli hiyohiyo ina kazi moja, kumlaza mtu wa mkutano siku mbili aondoke.

Ukitaka mfano, tazama Sheraton ya Huzhou nchini China, kando ya ziwa Tai. Ni jengo la duara kama pete iliyosimamishwa wima, kazi ya ofisi ya usanifu ya MAD. Usiku taa zikiwaka, kivuli chake majini kinalikamilisha duara. Ni vigumu kuamini kwamba jina lake ni lile lililokuchosha. Marriott iliichukua Sheraton ilipoinunua Starwood, kampuni iliyokuwa na jina hilo, mwaka 2016, na tangu hapo baadhi ya zile za Marekani nazo zimefanyiwa ukarabati. Si zote. Hapo tena, uliza mwaka.

Mwanangu, mimi na mzee wangu tunatimiza miaka 40 ya ndoa. Tumelala Fairmont mara mbili na tukaridhika. Safari hii tuchague ipi? Magoti yetu hayapatani na ngazi.

Shikamoo mama, na hongereni sana.

Watu wa Fairmont wakikutana wanabishania tatu: Banff Springs ya 1888, iliyojengwa na kampuni ya reli ya Canadian Pacific katikati ya milima, Château Frontenac ya 1893 mjini Québec, na Savoy ya London ya 1889, ambayo Fairmont inaiendesha. Banff ninaipenda kwa moyo wote, lakini raha yake iko nje, kwenye vijia vya kupanda na kushuka. Magoti yenu yataishia dirishani.

Savoy iko tambarare. Mchoraji Claude Monet alikaa humo kati ya 1899 na 1901, akachora mto Thames na madaraja yake akiwa chumbani kwake. Anayekwenda Savoy akapewa chumba cha upande usio wa mto amekosa kile kilichomweka Monet pale.

Hata hivyo, kwenu ninyi nachagua Frontenac. Hoteli iko juu ya jabali, na ukitoka tu nje unakanyaga baraza refu la mbao, sawasawa kabisa, lenye viti vya kupumzikia na mto Saint Lawrence chini yenu. Mkitaka kushuka mji wa chini, kuna kigari kinachoteremka jabali kwa reli, hamna haja ya ngazi. Kaeni pale jioni, meli zinapita. Jambo moja mlisimamie tangu siku ya kuweka nafasi: ombeni chumba cha upande wa mto, mpate jibu kwa maandishi. Jengo ni la zamani, vyumba havilingani, na vingine vinatazama uani. Watajieni pia hiyo miaka 40. Mfanyakazi mwenye vyumba viwili mbele yake akijua habari hiyo ataangalia mara mbili kabla ya kugawa.

Dada, ninyi mnaongelea mahoteli ya matajiri. Mimi nalala ibis. Ibis bora ni ipi?

Swali zuri, na lina haki ya kujibiwa kama hayo mengine. Kampuni ambayo baadaye iliitwa Accor ilianzisha ibis mwaka 1974 kule Bordeaux, Ufaransa, na wazo lilikuwa chumba kidogo, safi, kisicho na mapambo. Kwenye jina la namna hii, bora maana yake ni mambo mawili: upya wa jengo na ukaribu wa kituo cha treni. Huduma haitatofautiana sana, chumba hakitatofautiana sana. Kwa hiyo usihangaike na sifa. Fungua ramani, tafuta ile ambayo utaifikia kwa miguu ukiwa na begi, na kati ya hizo chagua iliyofunguliwa karibuni. Zingatia pia kwamba ibis, ibis Styles na ibis budget ni majina matatu tofauti. Wengi wanaolalamika walibuku moja wakidhani ni nyingine.

Nisome vipi maoni ya wageni? Hoteli moja ina sifa elfu na matusi elfu.

Anza na tarehe, halafu tafuta aliyeandika. Tripadvisor inapokea maoni ya mtu yeyote anayesema alikuwepo. Booking.com inapokea ya aliyeweka nafasi kupitia kwao. Zote mbili zina faida, lakini si kitu kimoja. Kisha mtafute mtu anayefanana nawe. Aliyekwenda fungate atasamehe kelele. Mwenye kikao saa mbili asubuhi hatasamehe. Daraja la mtu katika uanachama wa hoteli nalo linapotosha sana, maana mwenye kadi ya juu alipewa chumba cha kona na kifungua kinywa cha bure, akaisifu hoteli ambayo wewe hutaiona.

Mimi natafuta vitu vidogo vinavyorudiwa na watu wasiojuana. Watu watatu wa miezi mitatu tofauti wakitaja lifti ya polepole, lifti ni ya polepole. "Huduma ya kipekee" hainiambii kitu. "Fundi alikuja baada ya dakika kumi" inaniambia kuna fundi wa zamu usiku.

Na ukishafika, kabla ya kufungua begi, zima taa zote na ufunge mapazia. Tazama chini ya mlango. Ukiona mstari mpana wa mwanga wa korido, jua kwamba sauti nayo itapita hapohapo, kila gurudumu la begi na kila mlango unaobamizwa. Kaa kimya dakika moja usikilize kiyoyozi. Kisha weka kiganja kwenye ukuta wa upande wa lifti. Ukiusikia unatetemeka, shuka ukaombe chumba kingine papo hapo, mashuka yakiwa bado hayajakunjuliwa. Saa sita ya usiku vyumba vitakuwa vimekwisha.

Nyota saba zipo?

Hazipo. Burj Al Arab ya Dubai, iliyofunguliwa mwisho wa 1999 chini ya kampuni ya Jumeirah, ilipachikwa sifa hiyo na watu, si na mfumo wowote rasmi. Hata nyota tano hazina kipimo kimoja duniani, utaratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi. Linganisha nyota ndani ya nchi moja tu.

Kuna hoteli nimelala miaka kumi. Nimerudi juzi, imebadilishwa yote. Mpya, nzuri, lakini si ile. Niihame?

Yamenikuta na ninakuelewa. Yangu ilikuwa ya jina kubwa, ya kawaida tu, haikuwahi kuingia kwenye orodha yoyote ya bora. Kulikuwa na mhudumu wa vyumba ambaye baada ya safari ya tatu alianza kuniwekea mto wa pili na kuisogeza meza dirishani kabla sijafika. Hakuwahi kuambiwa, aliona mwenyewe jinsi nilivyokiacha chumba. Mwenye jengo alipobadilika, wafanyakazi wa zamani walipunguzwa. Nikakuta marumaru mpya, skrini ya kujipokea mwenyewe, na meza imegandishwa ukutani.

Usiihame kwa sababu ya rangi ya ukuta, rangi utaizoea. Uliza waliokuwepo wamebaki wangapi: wa mapokezi, wa vyumba, wa mlangoni. Kama nusu wapo, ipe safari mbili zaidi. Kama wameondoka wote, waulize waliopo sasa wale wa zamani wamekwenda wapi. Mimi niliuliza. Yule mhudumu alikuwa amehamia hoteli ya jina jingine, mwendo wa dakika tano. Ndiko ninakolala sasa, na meza iko dirishani.