Vispika vidogo na wufa, au maboksi makubwa? Kwa benga ya nguvu, chukua maboksi

Mwenzetu wa Nakuru ameuliza: ana sebule ya kawaida, anapenda benga na rumba kwa sauti ya juu, na wageni wakija anataka muziki ufike mpaka uani. Pesa zake zinatosha kitu kimoja tu. Anunue seti mpya ya vispika vitano na wufa (spika ya besi peke yake), au maboksi mawili makubwa ya mtumba na amplifaya yake?

Ndugu yangu, chukua maboksi. Mimi hupiga muziki kwenye harusi na sherehe za nyumbani huku Kisumu, na pia hutengeneza spika za watu zilizoungua, kwa hiyo aina zote mbili nimezisikia zikiwa nzima na nimezifungua zikiwa zimekufa.

Sauti kubwa ni hewa inayosukumwa. Koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, ikiwa ya inchi 12 ina eneo karibu mara 16 ya koni ya inchi 3. Tena noti ikishuka oktavo moja, yaani mitetemo yake ikipungua nusu, koni ile ile lazima isukume hewa mara nne zaidi ndipo usikie nguvu ile ile. Kispika cha inchi 3 hakiwezi kazi hiyo, na waliokitengeneza wanajua. Ndiyo maana noti zote zilizo chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 150 au 200 hivi huelekezwa kwenye wufa.

Sasa sikiliza benga yenyewe. Gita la besi halikai nyuma kushikilia mdundo tu. Linaongea, linaruka, linajibizana na solo. Nyuzi zake nne zikipigwa wazi huanzia hezi 41 hadi 98, na vidole vikipanda noti zinavuka 200. Kwa hiyo mstari mmoja wa besi huanzia kwenye wufa iliyo chini ya televisheni, ukapanda, ukarukia vispika vya ukutani, kisha ukarudi. Chini ya hezi 80 hivi masikio hayatambui vizuri sauti inatoka upande gani, lakini kwenye 150 yanatambua, na wimbo unasikika umevunjika vipande. Mbaya zaidi, pale vispika vinapochoka kabla wufa haijashika vizuri, pana shimo. Uzito wa sauti ya mwanamume anayeimba uko mumo humo shimoni. Ukizoea kusikia benga ikipigwa na bendi mbele yako, utajua mara moja kuna kitu kimeibwa.

Wati za kwenye katoni zisikubabaishe. Ukiona PMPO, wati za matangazo, na maelfu yake, pita, tafuta RMS, yaani wati ambazo kifaa kinaweza kutoa mfululizo. Kama haikuandikwa, geuza seti usome nyuma inakula wati ngapi za stima. Kifaa kinachokula wati 60 hakiwezi kukupa muziki wa wati elfu moja.

Namba ninayoiangalia mimi ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambazo spika inatoa ikipewa wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake. Vispika vidogo vingi viko kwenye 84 hivi. Boksi kubwa zuri hufika 93. Tofauti hiyo ya desibeli 9 ni nguvu mara nane: kazi ambayo boksi linafanya kwa wati 10, kispika kinadai 80. Na karibu zote zinageuka joto ndani ya koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, mwembamba kama uzi. Koili ikipata moto ukinzani unapanda, sauti inafifia, mwenye nyumba anaongeza volyumu. Amplifaya ndogo inafika mwisho, mawimbi yanakatwa vichwa, na kilicho dhaifu kinaungua. Vingi ninavyoletewa vimekufa hivyo, sebene ikiwa imepamba moto.

Sisemi kutenganisha besi na sauti za juu ni vibaya. Hata harusini tunaweka sabufa za inchi 18 chini na spika za inchi 12 au 15 juu. Lakini hizo za juu zenyewe zina kifua! Kwa nyumbani, ukipata spika zenye koni ya inchi 6 na wufa inayopiga noti za chini ya hezi 80 hivi tu, hiyo ni seti safi. Na anayeishi kwenye fleti akiangalia sinema na habari, vispika vidogo vinamtosha kabisa.

Tahadhari moja nakuomba uichukulie kwa uzito. Boksi kubwa halikwaruzi upesi, kwa hiyo hutasikia dalili kwamba umepitisha kiasi. Desibeli 85 kwa saa 8 ndicho kiwango wanachotumia wataalamu wa afya kazini, na kila desibeli 3 ukiongeza, muda unakatwa nusu. Watoto wasikae mbele ya spika, hata kama wanafurahia.

Ukienda kuyaangalia maboksi, toa kitambaa cha mbele. Kama ukingo wa koni ni sponji, uguse: ukimeguka, bei ishuke, maana utalipa fundi kuubadilisha. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya pande mbili. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua, liache. Soma nyuma kama ukinzani wake ni omu 4 au 8, uhakikishe amplifaya inakubali. Kisha yafunge yote mawili uweke wimbo wenye besi nzito. Kama besi ni nyembamba kuliko ulivyotarajia, badilisha nyaya za boksi moja tu, chanya kwenye hasi. Ikinona ghafla, zilikuwa zimefungwa kinyume: koni moja ilikuwa inasukuma wakati nyingine inavuta, na muuzaji pengine amekuwa akiyauza kwa bei ya chini kwa sababu hiyo hiyo.