Hallstatt, kwa sharti la kulala hukohuko

Swali la wiki: Mtu wa Afrika Mashariki akipata likizo moja ya Ulaya, mji gani mdogo wenye mandhari ungemshauri aende, na afanyeje asije akaijutia nauli yake?

Ndugu Mhariri, jibu langu ni Hallstatt, Austria, kwa sharti moja: mgeni alale hukohuko. Usiku mmoja si haba, ila miwili ndiyo kipimo chenyewe. Asiyeweza kulala heri atafute mji mwingine, na nitaeleza kwa nini.

Najua watatokea wa kusema mji huo umeshaharibiwa na watalii. Hawakosei sana. Wakazi wake hawafiki 800, na siku za kilele wageni hufika hata 10,000. Mwaka 2023 halmashauri ilisimamisha ukuta wa mbao kuziba mahali watu wanapojipigia picha, kelele zikawa nyingi, ukaondolewa. Agosti ya mwaka huohuo wakazi waliandamana, wakaifunga kwa muda njia ya handaki inayoingiza magari. Huko Guangdong, China, umejengwa mji mzima wa kuuiga, ukafunguliwa mwaka 2012.

Lakini angalia saa. Mabasi ya watalii wa siku moja huanza kumwaga watu kama saa nne asubuhi, na ikigonga saa kumi jioni wengi wamekwishaondoka. Fujo yote imo humo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni utasikia mlio wa maji na kengele za makanisa, na saa moja asubuhi uwanja wa soko unakuwa wako na wafagiaji.

Kuna na jua, jambo ambalo waongoza watalii hawalitaji. Hallstatt imebanwa kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa, mgongo umeuegemea mlima mkali, uso unatazama mashariki. Asubuhi nyumba zinapokea mwanga wa moja kwa moja. Mchana ukigeuka, jua linapita nyuma ya mlima na kivuli kinaumeza mji mapema, majira ya baridi ndiyo kabisa. Ile picha maarufu, ya mnara mwembamba wa kanisa la Kilutheri na nyumba za mbao zilizoinamia maji, hupigwa kutoka ncha ya kaskazini ya mji. Aliyekuja na basi huikuta kivulini, nyuma ya vichwa hamsini. Aliyelala huipiga kabla ya chai. Azungumze polepole tu, maana hapo ni mlangoni pa watu na vibao vya kuomba utulivu vimewekwa.

Sasa viza, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine. Austria imo ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, hata kama ndege itakushusha kwingine. Ukipanga siku nne Vienna, mbili Hallstatt na tatu Munich ya Ujerumani, ombi lako ni la Austria, hata ukitua Frankfurt. Siku zikilingana, ni nchi utakayoingia kwanza. Watu wengi hukwama hapa: wanaomba kwenye ubalozi wanaosikia kuwa mwepesi, halafu hoteli walizoweka zinaonyesha nchi nyingine.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyetimiza 12. Ukinyimwa viza, ada hairudi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15, ila anayepeleka siku ya 15 anacheza kamari. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Bima ya safari isipungue euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Bima iliyoandikwa Austria peke yake hurudishwa. Kwenye taarifa ya benki, fedha nyingi zilizoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya ombi huleta maswali. Mshahara unaoingia mwezi kwa mwezi, hata ukiwa wa kawaida, husomeka vizuri zaidi. Vyumba weka vile vinavyoweza kufutwa bila malipo mpaka viza itoke.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha wageni kwa alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo foleni inaweza kuvuta. Usikate tiketi ya treni ya saa moja baada ya kutua.

Kufika. Kutoka Vienna, panda treni ya kwenda upande wa Salzburg, shuka Attnang-Puchheim, ubadili kuingia ile ndogo ya bondeni. Jumla ni kama saa tatu na nusu. Tiketi za punguzo za shirika la reli la taifa, ÖBB, ni nafuu sana ukinunua wiki kadhaa mapema, ila zimefungwa kwenye treni ile uliyochagua. Tena njia hiyohiyo inapitiwa na kampuni binafsi ya Westbahn, nayo husimama Attnang-Puchheim. Tiketi ya punguzo ya ÖBB haikupandishi Westbahn, wala ya Westbahn haikupandishi ÖBB. Tazama jina ubavuni mwa behewa kabla hujapakia begi. Ukitokea Salzburg, basi namba 150 hadi Bad Ischl, kama saa moja na nusu, kisha treni, hukupitisha kando ya maziwa badala ya kuzunguka kwa reli.

Kwenye treni ya kutoka Attnang-Puchheim, kaa kushoto. Baada ya Gmunden reli inafuata ukingo wa ziwa Traunsee mpaka Ebensee, na maji yako upande huo. Mkipita kituo cha Steeg-Gosau hamia kulia, kwa kuwa sasa reli inakwenda ukingo wa mashariki wa ziwa la Hallstatt, na mji utauona ng'ambo kabla hujashuka.

Naam, ng'ambo. Stesheni ya Hallstatt haiko Hallstatt. Reli ilipojengwa, ikafunguliwa mwaka 1877, upande wa mji hapakuwa na nafasi baina ya mlima na maji; barabara yenyewe ilifika mwaka 1890 tu, na kabla yake watu walikuja kwa mashua au kwa vijia vyembamba. Ndiyo maana mpaka leo unashuka kwenye kijistesheni katikati ya msitu, unateremka hatua chache hadi gatini, na kivuko kinakungoja. Kinafuata ratiba ya treni, na safari ni kama dakika kumi. Nauli yake haimo kwenye tiketi ya treni. Shika euro chache za noti na sarafu. Simama mbele, nje, usiingie ndani. Mji unakujia taratibu, mwanzo mnara, kisha madirisha, kisha maua ya madirishani, na ujio huo ni nusu ya thamani ya safari nzima. Mwenye gari la kukodi haupati. Yeye anazungukia nyuma kupitia handaki, na msimu wa joto anakuta maegesho yamejaa asubuhi.

Hatari iko jioni. Vivuko huisha mapema, wakati treni bado zinapita. Anayefika na treni ya usiku atashuka msituni, mbele yake giza na maji. Kabla ya kununua tiketi linganisha ratiba mbili, ya treni na ya kivuko. Zote huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 18.00 ni saa kumi na mbili jioni yetu. Ukiona umechelewa, usishuke Hallstatt. Endelea kituo kimoja hadi Obertraun-Dachsteinhöhlen, mwisho wa ziwa, ambako unaweza kuagiza teksi ya kilomita chache kuzunguka.

Obertraun yenyewe ni jibu kwa anayekuta vyumba vya Hallstatt vimejaa au bei zimepanda kichwa. Haina sura ya kadi za posta, lakini ina ufuko wa nyasi wa kuogelea, vyumba vya familia, na basi la kukupeleka Hallstatt asubuhi kabla ya umati. Kwenye Hallstatt yenyewe, kabla ya kulipia chumba uliza ngazi ni ngapi. Nyumba nyingi zimepandana mlimani na gari halifiki mlangoni. Begi la kilo 23 la magurudumu kwenye vidato vya mawe ni adhabu. Chukua la mgongoni.

Ndani ya mji, mahali pa kukaa kitako ni nyuma ya kanisa Katoliki, kwenye kikanisa cha Mtakatifu Mikaeli. Makaburi ya Hallstatt ni kipande kidogo cha ardhi juu ya ziwa, na mwamba haupanuki. Zamani, miaka 10 hadi 15 ikipita, kaburi lilifunguliwa ili mwingine alazwe. Fuvu lilisafishwa, likaachwa nje juani na kwenye baridi ya usiku hadi likawa jeupe, kisha likachorwa: jina, tarehe, na taji la majani kwenye paji, mwaloni au mtambaa kwa wanaume, maua kwa wanawake. Humo kikanisani mna mafuvu zaidi ya 1,200, na 610 hivi yana michoro. Yamepangwa kwa ukoo, baba kando ya mwana, shangazi kando ya mpwa. La mwisho liliingizwa mwaka 1995, la mwanamke aliyefariki mwaka 1983 na mwenyewe akiwa ameomba liwekwe humo. Ni rahisi kulitambua kwa jino la dhahabu. Kwetu jambo hilo litamshtua mtu, na ni haki yake. Lakini soma majina mawili matatu kabla hujatoka, uone koo chache zinavyorudiarudia kwa karne.

Chumvi ndiyo iliyowaweka watu mahali pagumu hivyo. Mlima wa juu umechimbwa kwa maelfu ya miaka. Chumvi haiozeshi, kwa hiyo mwaka 1734 wachimbaji walikuta humo mwili wa mchimbaji wa kale, na mwaka 2002 ikaonekana ngazi ya mbao iliyotengenezwa kwa miti iliyokatwa mwaka 1344 kabla ya Kristo. Kuanzia mwaka 1846 Johann Georg Ramsauer, msimamizi wa mgodi, alifukua karibu makaburi 1,000 kwenye bonde hilo, na tangu hapo wanahistoria huita zama nzima ya Ulaya kwa jina la kijiji hiki. Ziara ya mgodini huhitaji koti hata Julai, maana ndani ni nyuzi 8, na watoto chini ya miaka minne hawaruhusiwi. Hakikisha kigari cha kupandia mlima kinafanya kazi siku hizo, kwa kuwa kuna misimu kinafungwa kwa matengenezo au baridi, na kupanda kwa miguu ni kama saa nzima ya kutoka jasho.

Asiyetaka kulipa afuate njia ya bomba. Kuni za kuchemshia maji ya chumvi zilipopungua Hallstatt, kati ya mwaka 1595 na 1607 walitoboa magogo 13,000, wakayaunganisha kichwa kwa mkia na kuyapeleka maji hayo kilomita 40 hadi Ebensee, kwenye misitu. Leo kuna njia ya miguu kando ya mstari huo, ziwa likiwa chini yako, na watu ni wachache ajabu.

Kwa mwonekano wa juu, kigari cha kamba cha mlima Krippenstein kutoka Obertraun hukuweka juu ya mita 2,000, na kutembea nusu saa kunakufikisha jukwaa la 5fingers, vidole vitano vya chuma vilivyonyooshwa juu ya genge la mita 400. Nauli si ndogo. Kwanza fungua kamera ya mlimani kwenye tovuti yao. Ikionyesha weupe mtupu, utalipia ukungu. Eneo hili hunyesha sana, hata kiangazi, na mwavuli hauna kazi kwenye upepo wa ziwa, vaa koti la mvua.

Chakula: agiza Reinanke, samaki wa ziwa hilohilo, wa kuchoma au wa moshi. Kwa Mwislamu hilo ndilo chaguo salama, kwani nyama ya nguruwe hujificha hata kwenye supu na matonge ya unga. Neno la kuangalia kwenye orodha ni Speck, yaani nyama ya nguruwe yenye mafuta. Maji ya bomba ni safi, jaza chupa. Jumapili maduka ya vyakula hufungwa, basi nunua Jumamosi.

Mwezi ningechagua Juni ya mwanzo au Septemba. Novemba nyumba nyingi za chakula hufunga. Siku ya kuondoka panda kivuko cha asubuhi, ukae nyuma safari hii. Saa nne haijafika, na mabasi ya kwanza utayaona yakitoka handakini.