Kona za nyumba ya mawe si mraba: namna ya kupima nyumba Bagamoyo

Ziara nyingi za wanafunzi wa usanifu majengo Bagamoyo huishia kwenye simu. Asubuhi Ngome Kongwe, mchana misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, jioni ufukweni, kesho basi la Dar. Wenzao wa programu za kubadilishana kutoka Ulaya au Marekani hurudi makwao na picha mia tano, lakini ukiwauliza unene wa ukuta wa Boma, jengo la serikali ya Wajerumani la 1897, wanatazamana. Afadhali chagueni nyumba moja ya kawaida, mtenge siku mbili, muipime yote.

Kabla ya futi huja barua. Magofu na majengo yanayolindwa yako chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo anzieni ofisi ya Mambo ya Kale na barua ya chuo mkononi. Nyumba inayokaliwa na watu ni habari nyingine: mwenyekiti wa mtaa kwanza, kisha mwenye nyumba. Mgeni anayekuja kwa utafiti rasmi anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hicho kiombwe kabla ya tiketi ya ndege. Mlangoni pigeni hodi na msubiri muitikiwe, viatu vibaki nje. Vyumba vya ndani wapime wasichana wa kikundi. Mkilazimisha vinginevyo, mtakaribishwa barazani tu na ramani itabaki na tundu katikati.

Watu wanne wanatosha. Mmoja anachora, wawili wanashika futi, mmoja anapiga picha na kubeba ngazi. Anayechora asishike futi kamwe. Vipimo visomwe tarakimu moja moja, "mbili, nne, saba", na mchoraji arudie kwa sauti, maana kwenye chumba chenye mwangwi "sitini" na "sabini" husikika karibu sawa. Kubalianeni pia kwamba kila kitu ni sentimita. Kwa fundi wetu, futi ni chombo na ni kipimo pia, na mgeni wa Marekani huenda akaja na tepu ya inchi. Namba mbili za namna hiyo zikiingia kwenye karatasi moja, jioni hamtajua ipi ni ipi.

Bebeni futi ya chuma ya mita 5, tepu ndefu ya mita 30, timazi, mpira wa maji wa mita 10 (bomba laini linaloonyesha maji ndani, la kutafutia usawa) na utepe wa karatasi wenye gundi. Kipimo cha leza ni kizuri ndani, ila nje kwenye jua nukta yake haionekani, na kwenye ukuta wa matumbawe hugonga jiwe lililochomoza badala ya uso wa ukuta. Shikeni kipande cha kadibodi mahali mnapolenga.

Sasa kazi yenyewe. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu upana mkubwa. Mara nyingi hauvuki mita 3. Jicho huona mstatili safi, nanyi msiliamini. Chukua chumba cha sentimita 260 kwa 740. Kingekuwa mraba kwenye kona, ulalo wake ungekuwa 784, kona hii hadi ile na kinyume chake. Mkipata 793 upande mmoja na 776 upande wa pili, chumba kimelala kama sentimita 9. Bila lalo hizo mbili mtachora mstatili, na chumba cha jirani hakitaingia kwenye karatasi. Kila chumba, basi: pande nne na lalo mbili, hata kile cha stoo.

Milango na madirisha ya ukuta mmoja yapimeni kutoka sifuri moja bila kuinua tepu: 0, 85, 172, 310. Mkipima kipande kimoja kimoja kisha mkajumlisha, kila kosa dogo linabebwa mbele. Unene wa ukuta uchukuliwe kwenye kila uwazi, chini na juu. Kisha jumlisheni vyumba na kuta, mlinganishe na urefu wa nje. Tofauti ikizidi sentimita 5, kuna namba imekosewa au kuna ukuta hamjauona.

Sakafu nazo hazikai sawa. Kwa mpira wa maji wekeni alama za utepe huo wa karatasi kwenye kuta zote, mita 1 juu ya kizingiti cha mlango mkuu, na kila urefu upimwe kutoka hapo. Povu moja la hewa ndani ya mpira linaharibu kazi yote. Ugongeni kwa kidole hadi maji yatulie. Penseli isiguse lipu ya chokaa.

Ghorofani tembeeni kando ya kuta, watu wawili kwa wakati mmoja. Boriti huoza kwanza kwenye ncha zilizozama ukutani, na ncha hiyo haionekani ukiwa chini.

Mlango wa nakshi unastahili saa nzima. Pimeni miimo, kizingiti cha juu na mfaa, ule mti wa katikati unaoziba mwanya, mkiandika umeshikamana na ubao upi. Kuhusu maana ya nakshi, andikeni nani kasema nini. Mnyororo huohuo uliochongwa mtu mmoja atawaambia ni biashara ya watumwa, mwingine atasema ni ulinzi wa nyumba.

Tazameni na viraka vya saruji. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji huzuia unyevu usitoke, chumvi inajikusanya nyuma yake, na lipu huanguka na chokaa ya zamani. Gongeni kwa kifundo cha kidole: pakilia tupu, wekeni alama kwenye mchoro, msibandue.

Jioni hiyohiyo, kabla ya kwenda kula pweza, chora upya kwa skeli ya 1:50, sentimita 1 ya karatasi kwa 50 za nyumba. Hapo ndipo inapoonekana ulalo wa ukumbi haukuchukuliwa, na kesho saa moja asubuhi bado mko mjini. Asubuhi hiyo pia ndiyo ya kupiga picha za upande wa bahari, jua linapougonga uso wa nyumba.

Mwenye nyumba apewe nakala. Chini yake chora kipimio cha mstari chenye mita 0 hadi 5, kwa kuwa mashine ya fotokopi huweza kupunguza ukubwa, na hapo maandishi ya "1:50" hayatakuwa kweli tena.