Taa ya mbele ya baiskeli: anza na uzi na rula

Kabla hujaenda dukani kutafuta taa nyingine, zungushia uzi kwenye usukani pale taa itakapokaa, kisha upime kwa rula. Uzi ukiwa sentimita 7, bomba lina unene wa milimita 22. Sentimita 8 ni milimita 25. Sentimita 10 ni kama 32. Kishikio kilichotengenezewa bomba la 32 hakiwezi kubana bomba la 22 hata ukaze skrubu mpaka plastiki ipasuke. Ukiingia shimo la kwanza, taa inainama na kumulika tairi. Ukikosa saizi yako, kata kipande cha tyubu mbovu, kizungushe raundi mbili, ndipo ufunge kishikio juu yake. Usitumie kitambaa, kwa sababu kikilowa huteleza.

Namba ya kwenye boksi usiipe uzito. Taa ndogo ya mkononi iliyoandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10,000 mara nyingi inadanganya. Kwenye mitaa ya Mtwara mjini yenye taa, lumeni 100 za kweli zinatosha uonekane. Ukitoka usiku kwenda Mikindani, au ukishika njia ya Lindi palipo giza, tafuta kama 300. Mwanga wa kuwaka-kuzima unasaidia wengine wakuone, lakini wewe mashimo huyaoni.

Kwa upande wa betri, chukua taa ambayo betri yake inatoka. Iliyozibwa ndani ikichoka, umetupa taa nzima. Inayopatikana kirahisi ni 18650, yaani unene milimita 18 na urefu 65. Zile zenye saketi ya ulinzi, inayozuia betri isichajiwe kupita kiasi, hukaribia milimita 70 na baadhi ya taa haziingii, kwa hiyo nenda na taa yenyewe ujaribishe hapohapo dukani. Nzima huwa na uzito wa gramu 45 hivi. Ukiiona nyepesi sana halafu imeandikwa 9,900 mAh (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), iache: betri za saizi hiyo zinazosema kweli huishia karibu na 3,500. Yenye 2,600 za kweli, kwenye taa inayokula wati 3, inakupa saa tatu.

Adui mkubwa wa taa huku pwani ni chumvi. Fungua taa iliyokaa mwaka mmoja karibu na bahari uitazame springi inayogusa betri: utakuta ukoko wa kijani, na mara nyingi huo ndio umefanya taa iwake na kuzima kila unapogonga jiwe. Wengi wanaitupa hapo, kumbe ni nzima. Toa betri, sugua ukoko kwa mswaki uliochovywa kwenye maji ya limau, futa kwa kitambaa chenye maji safi, acha ikauke kabisa, kisha paka springi mafuta ya mgando kidogo sana. Mpira unaozuia maji usiupake, maana mafuta hayo huvimbisha baadhi ya mipira.

Unaponunua, angalia tundu la chaji liko wapi. Zuri ni la chini, lenye kizibo cha mpira kinachobana. Alama ya IPX4 maana yake taa inastahimili maji ya kurushiwa, na hiyo inatosha kwa mvua zetu za Desemba hadi Aprili. IPX7 inavumilia hata kuzama mita moja kwa nusu saa. Zote mbili haziruhusu kuchaji tundu likiwa limelowa. Umeme ukipita kwenye maji yenye chumvi unakula vile vyuma vidogo vya ndani, na chaji haiingii tena.

Ukishaifunga, simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani usiku. Kitovu cha mwanga kigonge ukuta kwenye nusu ya kimo cha taa: taa ikiwa sentimita 90 kutoka chini, kigonge 45. Hapo mwanga utagusa barabara mita 10 mbele yako, na anayekuja hutampofusha. Piga alama ya kalamu ya wino mzito kwenye kishikio na kwenye usukani, ili kila ukiitoa kwenda kuchaji uirudishe palepale.