Jinsi ya Kuisikiliza Dust Bowl Ballads Bila Kuiacha Njiani

Wengi wanaoifungua Dust Bowl Ballads, albamu ya mwimbaji Mmarekani Woody Guthrie kuhusu ukame na vumbi la miaka ya 1930, kwa mara ya kwanza huifunga kwenye wimbo wa tatu au wa nne. Sauti ni kavu na ya puani, gitaa linakwenda vilevile, nyimbo zote utadhani ni za tumbo moja. Kosa ni kuifululiza yote kama muziki wa kupikia. Nyimbo hizi zilitengenezwa zisikilizwe dakika tatu-tatu, kisha mtu ainuke kugeuza santuri.

Guthrie, mzaliwa wa Okemah, Oklahoma, alizirekodi katika studio za Victor mjini Camden, New Jersey, karibu zote siku moja, 26 Aprili 1940. Zikatoka kwa mafungu mawili, kila fungu santuri 3 za mizunguko 78 kwa dakika, ndani ya jalada lenye mifuko ya karatasi kama albamu ya picha. Neno "albamu" la muziki lilitokana na majalada ya namna hiyo. Jumla ni pande 12 lakini nyimbo 11, kwa sababu "Tom Joad" haukutosha upande mmoja ukakatwa katikati. Wenye santuri kuukuu za taarab nyumbani wanaujua mkato huo.

Kwa hiyo, kabla ya yote, hesabu nyimbo za toleo ulilo nalo. Orodha ya nyimbo 13 ni ya toleo la 1964 au la baada yake: "Pretty Boy Floyd" na "Dust Bowl Blues" ziliachwa nje mwaka 1940. Si vibaya, ila mpangilio hautakuwa ule wa mwanzo.

Sikiliza nyimbo mbili au tatu kwa kikao, basi. Rekodi ni ya mono (sauti ileile kila upande), kwa hiyo spika moja nzuri mbele yako inatosha. Hedifoni zitakuletea mchakacho wote masikioni. Usipunguze sauti nyembamba kwenye ikwalaiza ili kuua mchakacho huo. Ukiupunguza, unapunguza na herufi s, t na k, na hapa maneno ndiyo kila kitu. Matoleo yaliyosafishwa kupita kiasi yana kasoro hiyohiyo: utulivu mwingi, na mwimbaji kama amefunikwa blanketi. Sikiliza mistari miwili ya mwanzo ya matoleo mawili, uchague lile ambalo mwisho wa kila neno unasikika.

Maneno yasome kabla, wimbo mmoja kwa wakati. Kiingereza chake ni cha wakulima wa Oklahoma, hata anayekisema kila siku hupotezwa.

Anza na "The Great Dust Storm". Unataja tarehe yake wazi, 14 Aprili 1935, Jumapili ambayo wingu jeusi la vumbi lilifunika nyanda za kusini mwa Marekani. Majani ya asili yalikuwa yamelimwa ili ipandwe ngano, mvua zikakatika, upepo ukabeba udongo uliobaki wazi. Guthrie aliishi Pampa, Texas, wakati huo. Angalia kwamba halalamiki hata kidogo. Anasimulia kama mtu anayesoma taarifa, na ubaridi huo ndio unaouma.

Halafu "Do Re Mi". Lahani ni ya kuchezesha mguu. Ujumbe ni kwamba usipokuwa na fedha, California hukaribishwi. Msikilizaji wa Nairobi ataipata tashtiti bila kuelezwa, maana "do re mi" ya wimbo ni pesa, na Nairobi "do" ni pesa pia. Na polisi wanaotajwa mpakani si mapambo ya mshairi: Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles alituma askari 136 kwenye njia za kuingilia jimboni, mbali kabisa na mji wake, kuwarudisha maskini. Ukisikiliza lahani peke yake utaucheka wimbo huu ukaupita.

Wimbo wa kukaa nao zaidi ni "Talking Dust Bowl Blues". Hauimbwi, unasemwa juu ya gitaa. Kila ubeti una mistari minne yenye vina, halafu unafuata mkia usio na kina, unaoning'inia wakati gitaa likiendelea. Mizaha yote imo mkiani, na ndiyo inayopotea masikio yakichoka. Katika ubeti wa mwisho familia inapikiwa mchuzi wa viazi, mwepesi kiasi kwamba ungeweza kusoma jarida kupitia humo. Hapo wengi hudhani ameshamaliza. Gitaa linapiga kidogo, kisha anaongeza kwa sauti ileile ya kivivu: ungekuwa mwepesi zaidi kidogo, hata baadhi ya wanasiasa wangeweza kuona kupitia humo. Rudia sehemu hiyo mara mbili usikie anavyouchelewesha.

"Dust Pneumonia Blues" una mzaha wa namna hiyo: anasema hapa ilipaswa aimbe kwa kuchezesha koo, lakini mapafu yanakoroma vumbi.

"Tom Joad" uache hadi kikao cha mwisho. Ni zaidi ya dakika 6, na unafupisha riwaya ya John Steinbeck ya 1939, The Grapes of Wrath. Baada yake weka "Vigilante Man", kwa kuwa unamtaja mhubiri Casey wa riwaya hiyohiyo. Ukiutanguliza, jina hilo litakupita.

Ukibahatika kupata santuri zenyewe, usitumie sindano ya LP (santuri za baadaye, za mizunguko 33). Mfereji wa mizunguko 78 ni mpana: unataka sindano ya takriban mikroni 76, na ile ya LP, ya mikroni 18 hadi 25, hukwaruza chini ya mfereji penye uchafu ukasikia mchakacho mtupu. Kwenye gramafoni ya mkono, sindano ya chuma badilisha kila upande. Safisha kwa maji ya distilled (mvuke uliopozwa ukawa maji tena) na tone la sabuni laini, lebo isilowe. Spiriti usiguse: santuri hizi ni za shelaki, na spiriti huiyeyusha. Zihifadhi wima, zisilaliane. Ikianguka moja, hakuna kuunga.