MDF huharibikia ukingoni: kwa mafundi wanaoanza

Karakana nyingi za Keko, Dar es Salaam, sasa zina MDF kando ya mninga, na fundi mgeni huzifanyia kazi kwa mkono uleule. Hapo ndipo anapokosea. MDF ni ubao wa nyuzi za mti zilizochambuliwa kwa mvuke, zikachanganywa na gundi ya yurea-formaldehaidi na nta kidogo, kisha zikashindiliwa kwa joto. Marekani walianza kuiuza miaka ya 1960. Mashine huzishindilia nyuso zikawa ngumu kuliko moyo wa ubao, kwa hiyo uso huvumilia mengi, ukingo hauvumilii.

Ukifunga skrubu ya mm 4 ukingoni mwa MDF ya mm 18 bila kutoboa kwanza, utaona ukingo unatuna, kisha unapasuka katikati kama mkate. Toboa kwa keekee ya mm 3, tobo lipite urefu wa skrubu kidogo, na usisogelee kona chini ya mm 50. Skrubu ikishagota, acha. Ukiizungusha zaidi inasaga nyuzi na haitashika tena.

Maji nayo huingilia hukohuko. Kabati la jikoni likikaa sakafuni, maji ya kudekia hupanda kwenye ukingo wa chini, ubao unavimba, na ukishavimba haurudi hata ukikauka. Weka miguu ya plastiki. Ziba kila ukingo, hata usioonekana: gundi nyeupe nusu kwa nusu na maji, ikauke, msasa namba 240, rudia, ndipo praima ya mafuta. MDF ya kijani inavumilia unyevu zaidi, lakini si ya kulowa.

Kukata: ubao ni mm 2440 kwa 1220. Ukitaka vipande vinne vya mm 610, hesabu inakubali kwenye karatasi, lakini msumeno unakula mm 3 kila unapopita, na cha mwisho kinatoka mm 601. Panga vya 600.

Ubao wa mm 18 una karibu kilo 40. Beba wawili, na uulaze juu ya mbao, usiuegemeze ukutani, utapinda. Rafu isizidi mm 600 bila nguzo.

Vumbi lake, tafadhali sana, msilidharau. Ni laini mno na lina gundi, na formaldehaidi husababisha saratani. Kitambaa puani hakizuii kitu. Vaa barakoa ya N95 na ukatie nje penye upepo.