Kwa dada wa Bagamoyo aliyetaka kuacha mboji

Usiku wa Alhamisi, nimeshaswali isha na simu nimeiweka chaji, ikaingia meseji kutoka kwa dada mmoja wa Magomeni, Bagamoyo. Aliandika hivi: "Kaka, shikamoo. Nimekusanya mabaki ya chakula ya nyumba tisa kwa wiki tatu kwa ajili ya bustani ya kikundi chetu. Lundo linanuka, funza wamejaa, na majirani wamenipa siku saba niliondoe. Nimechoka. Niache?"

Nilimjibu kwa ufupi tu: marahaba dada, usiache, nipe hadi Jumapili. Jibu lenyewe ndilo hili. Nimeliweka hapa kwa wote kwa sababu najua ninyi mnaonisoma mna kiwanja chenu mahali, au mnakitafuta, na mnaujua mchanga wetu wa pwani. Unamwagilia asubuhi, adhuhuri ukichimba kwa kidole unakuta pakavu kama hapajawahi kuona maji.

Mimi nilianza mwaka 2021 hapa Tanga, Makorora, kwenye kiwanja nyuma ya madrasa kilichokuwa kimejaa vifusi na mbigili. Tulikuwa watu saba. Tulipanda mchicha ukatoka wa njano, jani dogo kama sarafu. Tukanunua samadi kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, guta moja, likaishia kwenye matuta mawili, na hela ya kikundi ikaishia hapo hapo.

Wazo la kukusanya mabaki ya jikoni kwa ndoo nililipata kwa mama wa vitumbua. Kila alfajiri anakuna nazi, anakamua tui, machicha anayamwaga mtaroni. Siku moja nilisimama nikahesabu: nazi sita. Machicha meupe, bado yana uvuguvugu wa maji aliyokamulia, yanaelea juu ya maji meusi ya mtaro. Nyumba ya pili yake, maganda ya mihogo. Ya tatu, maganda ya machungwa ya Muheza, rundo zima. Nikajiambia: sisi tunanunua samadi, na huku mtaa mzima unamwaga rutuba yake mtaroni kila siku ya Mungu.

Nikaomba kwa mafundi rangi ndoo zao tupu, zile za lita 10 zenye mifuniko, nikazisugua kwa majivu na mchanga, nikazigawa nyumba 12. Miezi ya mwanzo siisimulii, ilikuwa kuzoa na kumwaga, kuzoa na kumwaga. Mchicha ulianza kurudi rangi. Nilijiona nimeshajua.

Ikaja Ramadhani ya 2022. Ile ilianguka mwanzoni mwa Aprili, masika ndiyo yamepamba moto. Mnajua nyumba za kwetu mwezi huo: mihogo ya nazi, magimbi, ndizi, tambi, uji, samaki, na kila siku kinabaki. Ndoo zilizokuwa zikijaa kwa siku nne zikawa zinajaa kwa siku moja. Mimi nami nimefunga, jua linapoelekea kuzama nguvu sina, namwaga ndoo juu ya lundo na kuondoka. Mvua juu yake. Sikuweka jani hata moja kavu. Sikufunika.

Katika wiki ya pili lundo liligeuka uji. Likaanza kutoa harufu ya mayai viza, kisha maji ya kahawia yakatambaa taratibu hadi kwenye kizingiti cha madrasa. Niliwaona watoto wakiingia wamebana pua kwa mikono ya kanzu zao, na mmoja alitapika palepale mlangoni. Sitaisahau ile sura. Nilichukua ndoo ya maji nikaosha kizingiti, nikadhani nimemaliza.

Siku ile ile nikapigiwa simu, shangazi amefariki Lushoto. Nikapanda basi. Niliporudi siku ya tatu yake nilikuta kiwanja kitupu. Malalamiko yalikuwa yamepelekwa, likaja trekta, likazoa lundo lote kwenda dampo, na tuta mbili za mchicha zikazolewa nalo. Ndoo zangu zilipangwa ukutani hazina mifuniko, zimejaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu.

Hilo nililistahili, nalikubali. Kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo ninapoandika, ni jina la kwanza kwenye ile karatasi ya malalamiko. Lilikuwa la rafiki yangu, mtu aliyekuwa anachukua mchicha kwangu bure, fungu mbili kila wiki. Nyumba yake na yangu zinatazamana. Angeweza kuniambia, "Ndugu yangu, lundo linanuka." Maneno manne. Hakuniambia. Tunasalimiana mpaka leo, anaitika vizuri, tunaishia hapo.

Kwa hiyo dada, wewe majirani wako wamekupa siku saba. Mimi sikupewa hata moja. Mtu anayekuja kukuambia usoni kwamba unanuka amekuheshimu, usimnunie. Nenda kamshukuru leo leo.

Sasa nikuambie nilivyorudi. Nilikuwa nakwangua tope lililobaki kwa chepe, nia yangu ni kusafisha kiwanja na kuachana na habari hii. Chepe likagonga chuma. Kijiko. Kwenye mpini kimepakwa rangi nyekundu ya kucha, zile alama kina mama wanazoweka kwenye vyombo ili kwenye shughuli visichanganyike. Nilikitambua, ni cha bibi wa nyumba ya pembeni, moja ya zile nyumba 12. Nikakiosha, nikampelekea. Alikigeuza geuza mkononi, akaniuliza, "Kumbe taka zetu unazichambua kwa mkono wako?" Nikamwambia ndiyo bibi, tangu mwanzo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi niletee ndoo yangu, mwanangu. Ila safari hii usituaibishe."

Ni bibi huyo huyo aliyenipeleka kwa kaka yake, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge. Mzee alinicheka kwanza, halafu akanieleza. Kwenye korona, mashine ya kusinga mkonge, nyuzi zinazotoka ni kama asilimia 4 tu ya jani. Kilichobaki chote ni maji na nyama ya jani, na miaka ile kilikuwa kinatupwa nje. Palipolundikana mabaki hayo mabichi na maji yake, alisema, palinuka mpaka mtu akaziba pua akiwa mbali. Palipotupwa kwa tabaka na majani makavu kati yake, baada ya misimu kadhaa unakuta udongo mweusi na mipapai imeota yenyewe. Baadaye pale Hale, huku huku mkoani Tanga, walijenga mtambo wa kuvuna gesi kutoka kwenye mabaki hayo hayo ya mkonge, na gesi hiyo inapatikana kwa kuyaozesha pasipo hewa, makusudi, ndani ya tangi lililofungwa. Akanitazama akasema: "Wewe ulitengeneza mtambo wa gesi bila tangi. Lundo lako lilikosa hewa."

Hiyo ndiyo siri yote. Vijidudu vinavyotengeneza mboji vinavuta hewa kama sisi. Lundo likilowa na kushikana, hewa inatoka, wanakufa hao wanakuja wengine wasiotaka hewa, na hao ndio wenye harufu ya mayai viza. Dawa yake ni vikavu. Kila ndoo moja ya jikoni, ndoo mbili za vikavu, tatu kama ni masika. Majani ya mwembe, makuti yaliyokatwakatwa, mabua, maranda ya fundi seremala (ya mbao isiyopakwa dawa, muulize kabisa). Wataalamu wanahesabu kaboni, iliyo nyingi kwenye vikavu, sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni, iliyo nyingi kwenye mabaki ya jikoni, sehemu moja. Mimi nahesabu ndoo. Na ukisikia harufu kali inayochoma pua kama mkojo wa siku nyingi, hapo nitrojeni imezidi, tena jibu ni vikavu.

Chini kabisa weka makumbi ya nazi. Hayaozi upesi, na hapo ndipo faida yake ilipo, yanaacha njia ya hewa chini ya lundo. Lundo liwe na mita moja kila upande, likiwa dogo zaidi halishiki joto. Funika kwa makuti au turubai, mvua isiingie. Samaki na nyama acha kwanza, mpaka mkono wako uzoee. Funza wasikutishe sana, wamefuata chakula kilichoachwa wazi. Funika kila unachomwaga kwa vikavu, unene wa kiganja, na utawaona wanapungua.

Unyevu nao una kipimo chake. Chukua gao la lundo, kamua. Litoke tone moja au mawili. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Lisipotoka tone, nyunyiza maji.

Mimi natumia kipande cha nondo. Nakichomeka katikati ya lundo, nakiacha robo saa, nakichomoa na kukishika. Lundo lenye afya, la siku tatu nne, linakuwa na joto la nyuzi 55 hadi 65, na nondo hiyo huwezi kuishika ukahesabu mpaka kumi. Joto hilo likikaa siku kadhaa na lundo likageuzwa, linaua mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi. Ikitoka vuguvugu, nageuza kwa chepe, cha nje kiende ndani. Kila wiki nageuza. Kwa miezi miwili mitatu nachekecha kwa wavu wa mafundi wa kuchekechea mchanga, na kinachopita chini ni cheusi, laini, kinanukia kama ardhi mvua za kwanza zinapoigusa. Mara ya kwanza niliita kikundi chote waje wanuse. Bibi alikuja na mkongojo wake.

Lakini ndugu zangu, lundo ndilo rahisi, kazi iko kwa watu. Mtu ukimpa ndoo amekukabidhi jikoni kwake, unajua alikula nini na alitupa nini, unajua wiki aliyokula wali mkavu. Mambo hayo hayatoki mdomoni mwako. Ukisema Jumatatu na Ijumaa, iwe Jumatatu na Ijumaa. Siku moja tu usipokwenda, machicha yanarudi mtaroni, na kumrudisha mtu kutoka mtaroni ni kazi ya mwezi mzima. Ndoo irudi imeoshwa, kila mara, hata kama umechoka, hata kama umefunga. Na usimhubirie mtu mazingira. Mpelekee mchicha. Mimi nilihubiri mwaka mzima nikapata nyumba 12. Nilipoanza kurudisha ndoo safi na fungu la matembele ndani yake, zikawa 31.

Vifuko vitakusumbua pia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini vile vifuko vyembamba vya chumvi na karanga bado vinaingia ndani ya ndoo kila siku. Utavichambua kwa mkono. Hakuna njia nyingine niliyoiona.

Jumamosi iliyopita, siku ya usafi ya mwisho wa mwezi, ustadhi wa madrasa alivuka uzio akaomba mboji ndoo nne, wanapanda milimau uani kwao. Nilimbebea mwenyewe. Tulipita kwenye kile kizingiti. Watoto walikuwa wanachimba mashimo, hakuna aliyebana pua.

Na kuna ndoo moja ya bluu inaletwa kila Ijumaa na mtoto wa kike wa miaka kama minane. Inatoka nyumba inayotazamana na yangu. Imejaa machicha na maganda ya vitunguu, imechambuliwa vizuri kuliko zote, haina hata kifuko kimoja. Baba yake hajasema neno, nami sijauliza. Naiosha kama nyingine, natia fungu la mchicha, mtoto anaondoka nayo.

Dada, kesho asubuhi nenda kwa fundi seremala, chukua viroba viwili vya maranda. Lifumue lundo lote, tandaza makumbi chini, ulipange upya tabaka kwa tabaka, juu ufunike kwa makuti. Waite majirani waone unavyofanya. Tafuta nondo. Alhamisi ichomeke, na unitumie meseji umeweza kuhesabu mpaka ngapi.